Giaboksi Nyingine katika Gari Dogo la Zamani

Apitaye leo barabara ya Likoni hadi Lunga Lunga, akaiacha Tiwi nyuma yake, akapita Ukunda penye njia panda ya kuteremkia Diani, kisha akashika njia ya Gazi na Msambweni, hakosi kuona kwamba gari dogo la zamani bado lina kazi na heshima yake katika pwani hii ya kusini. Miongoni mwa magari hayo Toyota Starlet imejipatia nafasi ya mbele: humpeleka mwalimu shuleni Kinango, humrejesha nyumbani muuguzi wa zamu ya usiku, na siku ya soko hubeba magunia ya maembe na mikungu ya ndizi kwa uzito ambao waundaji wake kule Japani hawakupata kuufikiria. Gari hilo liliacha kuundwa mwaka 1999, na maadamu sheria ya Kenya haikubali gari lililotumika kuingizwa nchini likiwa limepita miaka 8 tangu kuundwa, Starlet za mwisho zilishuka bandari ya Mombasa kiasi cha mwaka 2007, na baada ya hapo mlango ukafungwa. Kwa hiyo giaboksi utakayoitafuta leo, ikiwa ya kwako imekufa, itakuwa imekwisha kutumiwa na mtu mwingine kwa muda ambao hukuushuhudia, ama Japani ama hapa hapa kwetu, na umri wake hautapungua robo karne.

Makala haya nayaelekeza kwa mwenye gari la namna hiyo, awe atashika spana kwa mkono wake mwenyewe au atasimama kando ya fundi wake akitazama. Kwani hata huyo wa pili hana budi kujua atazame nini. Na rai yangu naitoa mapema ili kila nitakalolisema baadaye lipimwe kwayo: giaboksi huokolewa au huharibiwa ikiwa ingali chini, mbele ya macho, kabla haijapandishwa, na aghalabu gari linalorudi gereji baada ya wiki moja ni lile ambalo fundi wake aliharakia kuifunga bolti ya mwisho kabla ya kuikagua ya kwanza.

Sababu za giaboksi kuchoka upesi huku kwetu hazifichiki. Kwa miaka mingi kila gari lililotaka kwenda Mombasa lilipanga foleni ya feri ya Likoni, likisogea hatua mbili na kusimama, likiteremka gatini na kuukwea mwinuko wa ng'ambo, ilhali dereva akilishikilia gari katika mwinuko kwa klachi badala ya breki ya mkono. Na ingawa njia ya Dongo Kundu imewaponya wengi na foleni hiyo, magari ya zamani yamekwisha kuyabeba madhara yake. Tena kuna ule mpando wa kutoka Kombani hadi mji wa Kwale, ulio takriban meta 400 juu ya usawa wa bahari, ambako gari lililosheheni hulazimika kukaa katika gia ya pili na ya tatu kwa muda mrefu, na kuteremka kwake vivyo hivyo. Fauka ya hayo pana maji ya masika. Juu ya giaboksi mna kitundu kidogo cha kupumulia. Giaboksi iliyopata moto ikazamishwa ghafla katika maji ya barabarani hupoa, na katika kupoa huko huvuta pumzi, nayo pumzi hiyo ikiwa ni maji, mafuta hugeuka meupe na mazito, na beringi huanza kuliwa na kutu kwa ndani bila ya mwenye gari kuwa na habari.

Kabla ya kununua chochote, hakikisha kwamba mgonjwa ni giaboksi yenyewe. Gari likiunguruma likiwa limesimama bila gia, na mlio ukatoweka mara ukanyagapo klachi, basi ubaya u katika beringi ya shafti inayoingia giaboksi. Lakini mlio ukizaliwa pale ukanyagapo klachi, mshitakiwa ni beringi ya rilizi, na hiyo ni kazi nyepesi kuliko uliyoihofia. Mlio wa kugongagonga wakati wa kukata kona ni wa sivi, wala hauhusiani na giaboksi. Gia inayoruka kutoka mahali pake yaweza kuwa imechakaa meno, lakini vilevile yaweza kuwa inasukumwa na injini inayoyumba juu ya mauntingi zilizokatika, na raba mbili za mauntingi ni bei ndogo sana kando ya giaboksi nzima. Nimeona watu wa insafu kabisa wakinunua giaboksi kwa sababu ya waya ya gia iliyolegea.

Ikithibiti kwamba giaboksi imekufa, hatua ya kwanza ni kusoma kibati cha gari lako. Fungua boneti utafute kile kibati kidogo cha bati kilichopigiliwa katika ukuta wa nyuma wa chumba cha injini. Futa vumbi kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, wala usikikwangue, kwa kuwa herufi zake hupotea. Humo mmeandikwa namba ya fremu, herufi za injini, rangi, na katika mstari mmoja herufi za giaboksi na za ekseli. Katika Starlet nyingi za gia za mkono utakuta herufi C ikifuatwa na tarakimu tatu. Andika mstari huo wote, usiache hata herufi moja, kisha nenda nao dukani. Kwani muuzaji akisikia tu "ya Starlet" atakupa aliyonayo, na Starlet si gari moja. Zile za kabla ya mwaka 1984 zilisukumwa na magurudumu ya nyuma, giaboksi ikilala kwa urefu nyuma ya injini kama ilivyokuwa katika Peugeot 504 ambazo watu wa makamo watazikumbuka katika njia hii ya Lunga Lunga. Zilizofuata husukumwa na magurudumu ya mbele, injini imelala kwa upana, na giaboksi yake imebeba difu ndani yake.

Hapa sina budi kukaa kitambo, kwa kuwa ndipo fedha nyingi zinapopotea. Starlet ya miaka ya 1990 yenye injini ya 4E, ya ujazo wa sentimeta za ujazo 1331, ina jamaa zake: Corolla za wakati ule zenye injini hiyo hiyo zilifungwa giaboksi za ukoo mmoja, na mara nyingi yaliyotoka huku huingia kule. Lakini Corolla yenye injini ya ukoo wa A, mathalan ile 5A iliyoenea sana, ingawa nayo ina giaboksi yenye herufi C, nyumba yake ya klachi haikutobolewa kwa mpango wa injini ya E. Matundu ya bolti hayakutani, na hakuna fundi awezaye kuyakutanisha kwa nyundo. Aidha giaboksi mbili zinaweza kufanana kwa sura zote za nje na zikahitilafiana kwa uwiano wa difu, hata gari likawa zito katika mpando au likalia sana katika mbio, na saa ya mwendo ikasema uongo. Njia ya kulitambua jambo hili haihitaji chombo chochote. Ziweke giaboksi zote mbili chini, ya zamani na mpya, uziingize gia ileile. Zuia upande mmoja wa difu usizunguke, tia alama ya chaki upande wa pili, kisha zungusha shafti ya kuingilia kwa mkono ukihesabu mizunguko mpaka alama ya chaki irudi mahali pake. Hesabu zikilingana katika gia zote, moyo wako utulie.

Wanunuzi wa pwani ya kusini huenda Mombasa, na wengine huagiza Nairobi, katika maduka ya Grogan, mzigo ukaletwa kwa basi la usiku hadi Ukunda. Mimi namshauri mtu aende mwenyewe. Giaboksi iliyopakwa rangi ya fedha iking'aa naiogopa kuliko ile yenye tope kavu na mafuta ya miaka yake, kwa sababu tope ni shahidi na rangi ni pazia. Mnunuzi wa hekima humjibu muuzaji kwa upole. Husikia, "Hii ni ya Japani, bwana mkubwa, haijaguswa," naye hujibu, "Nimekusadiki, kaka, lakini nifungulie bolti ya chini tutazame pamoja." Bolti ya kumwagia mafuta huwa na sumaku kichwani katika giaboksi nyingi. Ukikuta imeshika uji mweusi laini wa chuma, hilo ni jambo la kawaida la umri. Ukikuta vipande vinavyochoma kidole, au kipande chenye pembe ya jino, rudisha bolti uage kwa salamu njema. Kisha shika shafti ya kuingilia uitikise: ikicheza kidogo kwa kwenda mbele na nyuma si kitu, lakini ikicheza juu na chini kwa kadiri ya kuonekana, beringi yake imekwisha. Ingiza gia zote, moja baada ya nyingine, hata ya kurudi nyuma, huku mwenzako akizungusha. Sikiliza zaidi ya kutazama. Mwisho pitisha kidole katika masikio yote ya bolti, kwa kuwa giaboksi iliyotolewa katika gari lililogongwa huweza kuwa na ufa mwembamba usioonekana ila kwa kucha.

Usikubali kuondoka bila ya risiti yenye jina la duka, tarehe na maelezo ya kitu ulichonunua. Kadi ya gari lako hutaja namba ya injini na ya fremu, wala haiitaji giaboksi, hivyo hakuna ofisi itakayokuuliza habari zake. Lakini kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya humtia hatiani apokeaye mali ya wizi huku akijua au akiwa na sababu ya kushuku, na bei ya chini kupita kiasi bila karatasi yoyote ni sababu tosha ya kushuku.

Sasa tuje katika kuishusha ya zamani. Kwa mtu wa Diani au Gazi, adui wa kwanza ni chumvi iliyo hewani. Bolti ambayo Nairobi hufunguka kwa mkono mmoja, hapa hukatika shingo. Kwa hiyo jioni ya kuamkia kazi, piga burashi ya waya katika kila bolti utakayoifungua, uimiminie mafuta ya kulegeza kutu, urudie tena kabla ya kulala. Asubuhi, kabla ya kumwaga mafuta ya giaboksi, legeza kwanza bolti ya kujazia iliyo ubavuni. Huu ni utaratibu mdogo ambao wengi huupuuza, nao una maana kubwa hasa kwa yule anayekusudia kubadili mafuta au sili tu: bolti hiyo ikikataa kufunguka baada ya mafuta yote kumwagika, gari halina mafuta wala njia ya kuyatia.

Gari lisimame mahali pagumu. Mchanga wa Ukunda na udongo mwekundu wa Kwale uliolowa haviwezi kuaminiwa chini ya jeki. Tandika mbao pana, nene, upandishe gari juu ya stendi mbili za chuma, kisha litikise kwa nguvu zako zote kabla ya kuingia chini yake. Hakuna kazi ya gari inayostahili mtu kulala chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, wala mawe ya matumbawe yaliyopangwa, ambayo hupasuka bila ya kutoa ilani. Ondoa waya ya betri ya hasi kwanza. Mafuta utakayoyamwaga yakinge katika beseni, uyapeleke mahali yanakokusanywa, wala usiyamwage nyuma ya nyumba; visima vya Tiwi, Diani na Ukunda hunywesha watu wengi, na mchanga na mawe ya matumbawe ya ufuo huu hayazuii kitu kushuka chini.

Kufungua kwenyewe si jambo la kueleza kwa urefu: magurudumu ya mbele hutoka, kisha nati kubwa za shafti, bolijointi za chini, shafti zenyewe zikachomolewa kwa upole bila ya kuning'inizwa kwa sivi zake, kisha waya za gia, waya au mpira wa klachi, waya ya taa ya kurudi nyuma, ya saa ya mwendo, na stata. Kila waya ufungiwe kikaratasi chenye jina lake, na kila kundi la bolti liingie katika kopo lake, kwa kuwa bolti za giaboksi hazina urefu mmoja, na ndefu ikilazimishwa mahali pa fupi hutoboa. Kabla ya mauntingi ya upande wa giaboksi kufunguliwa, injini iwe imekwisha kubebwa, ama kwa mti mgumu uliolazwa juu ya chumba cha injini na mnyororo, ama kwa jeki ya pili yenye ubao chini ya sampu. Giaboksi yenyewe ina uzito wa kilo 30 na ushei. Watu wawili waishushe, au jeki ya magurudumu, si kifua cha kijana mmoja aliyelala chali.

Giaboksi ya zamani ikiwa chini na mpya ikiwa kando yake, ndipo mahali pa kustahimili. Klachi sasa i wazi mbele yako, na kuifikia tena kutagharimu kazi hii yote upya. Basi hata sahani ikionekana kuwa na nusu ya maisha yake, ibadili pamoja na presha na beringi ya rilizi. Vumbi lililomo ndani usilipulize kwa mdomo wala kwa upepo wa mashine, kwa kuwa vumbi la sahani za zamani ni baya kwa mapafu, lilowanishe ulifute. Tazama uso wa flaiwili. Ukiwa na mabaka ya buluu au nyufa nyembamba za moto, upelekwe kwa mkereza chuma aunyooshe, na ukiwa laini na sawa, usuguliwe kidogo kwa msasa na kuoshwa mafuta. Nyuma ya flaiwili mna oili sili ya krenki; ikiwa hapo panang'aa mafuta, ibadili sasa, maana klachi mpya iliyodondokewa mafuta haitaishi. Giaboksi mpya nayo itiwe sili mpya mbili za shafti za magurudumu na ile ya shafti ya kuingilia, kwa sababu raba iliyokaa rafuni miaka mingi huwa imekauka, na hewa ya pwani haiirudishii uhai. Kama saa yako ya mwendo huendeshwa na kigia kidogo cha plastiki kutoka katika giaboksi, hamisha kile cha zamani ulichokijua, maadamu uwiano wa difu ni mmoja.

Sahani ya klachi ina mbele na nyuma. Ule upande wenye kitovu kilichotokeza huelekea giaboksi, na mara nyingi maandishi yaliyogongwa juu yake husema upande upi ni wa flaiwili. Kisha sahani hiyo sharti isimame katikati barabara kabla presha haijafungwa. Kifaa chake maalumu kikikosekana, seremala yeyote wa Msambweni aweza kukukerezea kijiti cha mbao ngumu kinachoingia katika meno ya sahani na katika tundu la krenki, au ukatumia shafti ya kuingilia iliyotolewa katika giaboksi iliyokufa. Bolti za presha zifungwe kwa kupokezana, msalaba kwa msalaba, nusu mzunguko kwa nusu mzunguko, hadi kufikia Newton-meta 19, ambacho ndicho kipimo cha Toyota nyingi ndogo. Anayezifunga moja moja mpaka mwisho huipinda presha, na gari litatetemeka kila linapoondoka. Meno ya shafti ya kuingilia yapakwe grisi kidogo mno, kiasi cha kuacha uso wa kung'aa tu, kwa kuwa grisi iliyozidi hurushwa na mzunguko ikaenda kukaa juu ya sahani.

Sasa ipandishwe. Nyumba ya klachi hukutana na injini kwa msaada wa pini mbili za kuelekezea zilizosimama katika uso wa injini. Ziangalie kama zote mbili zipo, maana mara nyingi moja hubaki ndani ya giaboksi iliyouzwa au iliyokufa. Bila pini hizo giaboksi hukaa upande kwa unywele mmoja, na unywele huo huila beringi mpaka imalizike. Iinue giaboksi iwe sawa na injini kwa pembe na kwa kimo, uisogeze mbele polepole mpaka shafti iyapate meno ya sahani. Ikisita, mwenzako azungushe kidogo krenki kwa spana iliyo mbele ya injini, au wewe uzungushe upande wa kutokea wa giaboksi ikiwa katika gia. Jambo hili ni kama mabaharia wa Shimoni wanavyouteremsha mlingoti katika tundu lake: ukikaa wima huingia kwa uzito wake wenyewe, ukikaa upande hakuna nguvu itakayouingiza bila ya kupasua kitu.

Katika gereji moja iliyo chini ya mwembe, si mbali na Msambweni, nilimwona kijana hodari amebakiza upana wa kidole kati ya giaboksi na injini. Alikwisha tia bolti mbili ndefu, naye akamwambia fundi wake mkuu, "Mzee, imeshika. Tuivute na bolti itaingia tu." Yule mzee hakuinuka katika kigoda chake. "La, mwanangu," alisema, "toa bolti, irudishe nyuma, mulika." Walipomulika waliona waya ya taa ya nyuma imebanwa baina ya nyuso mbili. Lau wangeivuta kwa bolti, waya ungekatika, na huenda sikio la giaboksi, ambalo ni la aluminiamu, likapasuka pamoja nao. Kanuni yake naiafiki kabisa: bolti hufunga kilichokwisha kukutana, na giaboksi isiyogusa injini kwa mkono mtupu bado ina neno la kusema.

Nyuso zikikutana pande zote, tia bolti zote kwa vidole kwanza, kila moja katika tundu lake kwa urefu wake, kisha uzikaze kwa spana ya kupima nguvu kwa vipimo vya kitabu cha gari lako. Bolti zilizoliwa na chumvi zisirudi. Zinunuliwe mpya za daraja lile lile. Rudisha mauntingi kabla ya kuiondoa jeki ya injini. Shafti za magurudumu ziingie mpaka usikie klipu ya ndani ikikamata, na ujaribu kuzivuta kwa mkono kama zimeshika, ukichunga meno yake yasiukwaruze mdomo wa sili mpya. Kotapini za nati kubwa ziwe mpya. Nati za magurudumu katika Toyota hizi hukazwa hadi Newton-meta 103, gari likiwa limekwisha kutua chini.

Kisha mafuta. Hapa pana desturi moja mbaya iliyoenea ambayo napenda kuipinga waziwazi, nayo ni kutia mafuta mazito kupita kiasi ili giaboksi kuukuu inyamaze. Inanyamaza kweli, lakini pete za sinkro hazipati kushika, gia ya pili hukataa kuingia asubuhi, na dereva huilazimisha mpaka ikavunjika. Toyota iliandika mafuta ya 75W-90 ya daraja la GL-4 au GL-5 kwa giaboksi za ukoo huu, na mimi sioni sababu ya kujitia ujuzi kuliko aliyeiunda. Kiasi chake hukaribia lita 2. Mimina mpaka yaguse mdomo wa tundu la kujazia gari likiwa limelala sawa, si likiwa limeinuliwa upande mmoja, kisha ufunge. Ikiwa klachi yako ni ya waya, acha mchezo mdogo juu ya kanyagio. Ikiwa ni ya mafuta ya breki, toa hewa yote. Na kile kitundu cha kupumulia kizibue kwa sindano, ukivishe mpira mwembamba ulioinuliwa juu kuelekea boneti, na maji ya masika yatakuwa na kazi kubwa zaidi kukifikia.

Majaribio yafanyike kwa daraja. Kwanza washa gari likiwa bado juu ya stendi, magurudumu yakiwa hewani, uingize kila gia kwa utulivu huku mtu mwingine akisikiliza kwa mbali. Kisha lishushe uende nalo njia tambarare ya Ukunda, bila mzigo, ukipanda na kushuka gia zote mara nyingi. Mpando wa Kwale uje mwisho, baada ya siku kadhaa za mwendo wa kawaida ambazo klachi mpya imepata kulainika. Rudi chini ya gari baada ya wiki moja na tochi: gusa kila bolti ya mauntingi na ya giaboksi kwa spana, na utazame chini ya sili mbili za shafti kama pana unyevu. Tone moja la siku ya kwanza laweza kuwa ni mabaki ya kazi. Tone linalorudi baada ya kufutwa ni sili iliyoingia upande, na afadhali kuivua sasa kuliko kuongeza mafuta kila Ijumaa.

Giaboksi iliyokufa usikimbilie kumpa mnunuzi wa vyuma chakavu anayepima kwa kilo. Iliyoharibika beringi ya mbele huenda difu yake ni nzima. Iliyovunjika jino la gia ya tatu huenda nyumba yake ya klachi haina ufa, na leva, kigia cha saa ya mwendo, swichi ya taa ya nyuma na pini za kuelekezea bado ni mali. Imwage mafuta yote, izibe matundu kwa vitambaa, iweke juu ya mbao mahali pasipofikiwa na mvua, na uiandike kwa rangi ile herufi C na tarakimu zake tatu, pamoja na kilichoivunja. Starlet ziko nyingi kati ya Kombani na Vanga, nyingine haziingii tena, na siku moja mtu atakuja kutoka Lunga Lunga na karatasi mkononi akitafuta tarakimu zilezile.